Mguu wa Tende: Mnyoo Huanzisha, Bakteria Hukuza

Damu inapopita katika mishipa myembamba kabisa ya mwili, sehemu ya maji yake huchujika na kuingia katikati ya seli, na maji hayo, pamoja na protini na taka zilizomo, hukusanywa na mtandao mwingine wa mishipa, ambao huyapitisha katika tezi za kinenani, kwapani na shingoni kabla ya kuyarejesha kwenye damu karibu na moyo. Maji hayo ndiyo limfu. Kwa kuwa hayana pampu mfano wa moyo, husogezwa na mikazo ya kuta za mishipa yenyewe na ya misuli iliyo jirani, huku vali ndogondogo zikiyazuia yasirudi nyuma. Vali zikiharibika, au mishipa ikizibwa au kukatwa, limfu hutuama na kiungo huvimba. Uvimbe huo wa kudumu huitwa limfedima.

Chanzo hutofautiana. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani au kupigwa mionzi kwa sababu ya saratani ya titi huweza kuvimba mkono miezi au hata miaka baadaye, na katika nyanda za juu za Ethiopia, Uganda na Rwanda, wakulima waliotembea peku kwa miaka mingi katika udongo mwekundu wa asili ya volkano huvimba miguu bila kuwa na mdudu yeyote mwilini. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, Unguja na Pemba zikiwemo, mhusika mkuu amekuwa mnyoo mwembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti, ambaye huenezwa na mbu na kuleta matende na mabusha. Mnyoo aliyekomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8, akiitanua mpaka vali zake zisikutane tena, na watoto wake hujitokeza kwa wingi katika damu usiku wa manane, wakati ambapo mbu wengi wanaowaeneza huuma.

Mapambano dhidi ya mnyoo huyo yana historia ya kujivunia. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti walimwaga chembechembe za polistirini, zile nyeupe nyepesi zinazoelea, katika vyoo vya shimo vyenye maji, zikafunika uso wa maji na kuwanyima mbu aina ya kuleksi mahali pa kuzaliana, huku wakazi wakipewa dawa ya kuua minyoo, na maambukizi yakapungua sana. Tangu mwaka 2001 Zanzibar iligawa dawa za kingatiba, albendazo na ivamektini, kwa jamii nzima. Hata hivyo dawa hizo, ambazo hukata uenezaji, haziwezi kurudisha vali zilizokwisha kuharibika, na hapo ndipo mgonjwa mwenye mguu uliovimba huachwa peke yake mara nyingi mno, akiuficha chini ya kanzu au kanga ndefu na kusikia watu wakinong'ona juu ya uchawi.

Kumwacha hivyo ni dhuluma, kwa sababu kinachoukuza mguu huo kinaweza kuzuiwa. Daktari Gerusa Dreyer na wenzake, waliofanya kazi Recife nchini Brazil, walionyesha kwamba homa za ghafla zenye kutetemeka, mtoki na mguu mwekundu unaowaka moto husababishwa zaidi na bakteria wanaopenya kwenye ngozi iliyopasuka, hasa penye fangasi katikati ya vidole. Kila shambulio huharibu mishipa mingine, ngozi huwa nene na kufanya mikunjo, na ndani ya mikunjo hiyo yenye unyevu bakteria huongezeka.

Tiba huanzia, kwa hiyo, kwenye beseni. Mguu huoshwa kila siku kwa sabuni isiyo kali na maji safi yasiyo ya moto, kuanzia juu kushuka chini, kila mkunjo ukifunuliwa kwa utaratibu bila kusuguliwa kwa brashi, na kusuuzwa mpaka povu liishe. Kisha hukaushwa kwa kitambaa laini kinachogandamizwa tu, na katikati ya vidole, ambapo taulo halifiki, hutumika kipande cha shashi au pamba. Penye fangasi au michubuko hupakwa dawa yake. Mgonjwa huinua mguu anapoketi na kulala, huchezesha kifundo ili misuli isukume limfu, na huvaa viatu vyenye nafasi. Bendeji za kubana husaidia pia, zikifungwa na mhudumu aliyefunzwa.

Shambulio likianza, mazoezi na bendeji husitishwa, mguu hupozwa kwa kitambaa chenye maji baridi na kuinuliwa, mgonjwa hunywa maji mengi na kufikishwa kituo cha afya apate antibayotiki, na kamwe hachanjwi chale, kwa kuwa kila mkato huwa mlango mpya wa bakteria. Maumivu yakipungua, kuosha huendelea.