Walimsifia Miguu, Akawaonyesha Kichwa

Jumapili moja usiku pale hosteli, wenzangu walikuwa wamejazana chumba cha jirani wanabishana kuhusu Arsenal na Manchester United. Mimi nilikuwa kitandani, bando limebaki robo, naangalia vipande vya mechi za mpira wa Kimarekani. Mshkaji ninayeishi naye akaingia, akachungulia simu, akacheka. "Mwanangu, hii raga ya kuvaa helmeti unaielewa kweli?" Nikamwambia kaa hapa dakika kumi. Akakaa. Baada ya muda akauliza, "Sasa huyu namba 8 ni mkimbiaji au ndiye mgawa mpira?"

Nikamwambia: kaka, swali hilo hilo lilimsumbua kijana huyo tangu akiwa chuo. Anaitwa Lamar Jackson, anachezea Baltimore Ravens. Jibu lake ni "vyote viwili", na lilichukua muda mrefu sana kukubalika.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana bila hapo hutanielewa. Kila timu inaweka uwanjani watu 11. Timu yenye mpira inapewa nafasi 4 za kusogea angalau yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifanikiwa inapewa nafasi nyingine 4, na kuendelea hivyo hadi ifike mwisho wa uwanja, ambako inapata tachidauni yenye pointi 6. Ikishindwa, mpira kwa kawaida unakwenda kwa wapinzani. Kiongozi wa mashambulizi ni kwotabeki. Karibu kila mara mpira unaanzia mikononi mwake. Anaweza kuurusha kwa mpokeaji aliye mbali, anaweza kumkabidhi mkimbiaji aliye pembeni yake, au akimbie nao mwenyewe.

Kwa miaka mingi, hilo la tatu lilichukuliwa kama dharura. Kwotabeki "wa kweli" alitakiwa asimame nyuma ya ukuta wa majitu matano yanayomlinda, atulie, asome uwanja, arushe. Akikimbia, watu waliona mambo yamemharibikia.

Sasa piga hesabu kidogo. Kwotabeki wa aina hiyo akishamkabidhi mkimbiaji mpira, kazi yake imeisha, anabaki mtazamaji. Mkimbiaji naye ana mpira, hawezi kumzuia mtu. Kwa hiyo wanabaki 9 wa kuwazuia walinzi 11. Wawili wako huru, na ndio watakaomkamata mkimbiaji.

Kwotabeki anayekimbia kwa kiwango cha Lamar anaivuruga hesabu hiyo. Timu yake inamwacha makusudi mlinzi mmoja wa pembeni, hakuna anayemzuia. Lamar anauweka mpira tumboni kwa mkimbiaji, lakini hauachii. Macho yake yako kwa yule mlinzi aliyeachwa. Mlinzi akimvamia mkimbiaji, Lamar anauchomoa mpira na kukata kona kupitia pale mlinzi alipotoka. Mlinzi akibaki kumsubiri Lamar, mpira unaachiwa, mkimbiaji anapasua katikati. Mlinzi akienda kulia amekosea, akienda kushoto amekosea. Na uamuzi huo unafanyika kwa muda mfupi kuliko unaotumia wewe kupepesa jicho mara mbili.

Kuna hatua ya pili. Walinzi wakichoka kuumbuliwa, wanasogea karibu ili wazibe njia za kukimbilia. Wakisogea, nyuma yao panabaki wazi. Hapo ndipo Lamar anaporusha. Kwa hiyo miguu inafungua mlango, mkono unaingia, na kinachoamua lini kitumike kipi ni kichwa. Shikilia neno hilo, kichwa, maana ndilo walilokuwa wanamnyima.

Lamar alizaliwa tarehe 7 Januari 1997 huko Pompano Beach, Florida. Baba yake alifariki ghafla mwaka 2005, mtoto akiwa na miaka 8. Mama yake, Felicia Jones, akabaki mlezi na pia msimamizi wa mazoezi yake. Vyuo vilipoanza kumtafuta, mama alikuwa na sharti moja tu: mwanangu anacheza kwotabeki, si nafasi nyingine. Chuo Kikuu cha Louisville kikakubali. Mwaka 2016, akiwa na miaka 19, Lamar alirusha tachidauni 30 na kufunga 21 kwa kukimbia, akapewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani. Hakuna aliyewahi kuichukua akiwa na umri mdogo kuliko yeye.

Kwa rekodi hiyo ungedhani timu za ligi kuu, NFL, zingegombana kumchukua. Wapi! Kabla ya drafti ya 2018, yaani utaratibu ambao timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, Bill Polian, kiongozi wa zamani wa timu aliyeheshimika sana, alisema kijana huyu ahamie nafasi ya mpokeaji. Si yeye tu aliyewaza hivyo. Na sababu haikuwa kumdharau waziwazi. Sababu ilikuwa sifa: ana kasi mno, ana wepesi mno, kipaji kama hiki kisipotezwe kwenye nafasi ambayo huenda asiiweze.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nadhani hapa wangeongeza: wakati mwingine anakusifia.

Lamar aliielewa lugha hiyo. Wachezaji wapya hupimwa mbele ya makocha, na kipimo maarufu kuliko vyote ni mbio za yadi 40. Mtu mwenye kasi kama yake angeweza kuwaacha watu midomo wazi. Akagoma kukimbia. Akarusha mpira tu, pamoja na makwotabeki wenzake. Wengi waliona kiburi. Mimi naona kijana aliyejua kwamba akikimbia vizuri sana siku ile, atakuwa amewapa ushahidi wa kumnyang'anya kazi yake.

Tukumbuke pia kwamba kwa Mmarekani mweusi jambo hili lilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1968, Marlin Briscoe alianza mechi kama kwotabeki wa Denver Broncos na akafanya vizuri. Baada ya msimu huo hakupewa tena nafasi hiyo pale, akahamia timu nyingine na kugeuzwa mpokeaji. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya 1978. Akaenda Kanada, akashinda ubingwa wa huko mara 5 mfululizo, ndipo NFL ikamfungulia mlango mwaka 1984. Leo yumo kwenye jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo. Dhana iliyokuwa nyuma ya yote haya ilikuwa moja: mtu mweusi ana mwili, lakini nafasi ya kufikiri apewe mwingine. Kwa hiyo mtu anapomwambia Lamar "una miguu mizuri", anakuwa anatamka sentensi yenye umri wa nusu karne.

Usiku wa drafti, makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake. Baltimore wenyewe walianza kwa kumchukua mtu mwingine katika nafasi ya 25. Ndipo wakabadilishana nafasi na timu nyingine ili wapate ya 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, wakamchukua Lamar. Nusura aitoke raundi ile akiwa amekaa kwenye kiti.

Alianza akiwa benchi. Novemba 2018 kwotabeki mkuu, Joe Flacco, akaumia, kijana akaingia. Katika mechi 7 alizoanza, Ravens walishinda 6. Wakaingia mtoano dhidi ya Chargers, Januari 6, 2019, siku moja kabla hajatimiza miaka 22. Chargers walikuwa wameshamsoma. Waliwapunguza walinzi wazito, wakajaza wepesi wanaoweza kumkimbiza. Ravens wakalala 23 kwa 17, na mashabiki wa nyumbani walimzomea. Wale waliosema awe mpokeaji wakatikisa vichwa: tuliwaambia.

Hapa ndipo mimi, mwanafunzi wa ualimu, huwa nasimamisha video. Uongozi wa Ravens ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumlazimisha Lamar afanane na makwotabeki wa zamani: asimame, aache kukimbia. Ya pili ni kukubali kwamba mtoto wao ni wa aina nyingine, kisha kubadilisha somo lote. Wakachagua ya pili. Kocha mkuu John Harbaugh akampandisha Greg Roman awe msimamizi wa mashambulizi, Flacco akauzwa Denver, na mfumo ukajengwa upya kumzunguka Lamar. Wakati huo huo, Lamar naye akaenda kufanyia kazi kurusha kwake. Hakuna upande uliokaa tu kusubiri mwingine abadilike.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 2019, dhidi ya Miami Dolphins, Ravens walishinda 59 kwa 10. Lamar alirusha pasi 20, zikafika 17. Yadi 324, tachidauni 5. Unajua alikimbia na mpira mara ngapi? Mara 3 tu, akapata yadi 6. Alipokutana na waandishi wa habari baadaye, akatania kwamba kwa mtu anayeitwa mkimbiaji, hajafanya vibaya.

Msimu ulipokwisha, alikuwa amerusha tachidauni 36, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi, na amekimbia yadi 1,206, akivunja rekodi ya kwotabeki iliyowekwa na Michael Vick mwaka 2006 ya yadi 1,039. Timu nzima ilikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi. Ravens walishinda mechi 14 na kupoteza 2. Wapiga kura wote 50 walimchagua Lamar mchezaji bora wa NFL. Kabla yake, aliyewahi kupata kura zote alikuwa Tom Brady peke yake. Na yule Polian, kabla msimu haujaisha, alikiri hadharani kwamba alikosea. Nampa heshima yake kwa hilo. Wataalamu wa kukosea ni wengi, wa kukiri ni wachache.

Sitaki nikuuzie hadithi tamu tupu. Mtindo huu una gharama. Kwotabeki anayekimbia anagongwa, na Lamar alikosa sehemu za mwisho za misimu ya 2021 na 2022 kwa majeraha ya kifundo na goti. Kwenye mtoano timu yake imeangushwa mara kadhaa: Januari 2020 na Tennessee Titans, 28 kwa 12, na Januari 2024 na Kansas City Chiefs, 17 kwa 10, ikiwa imebaki hatua moja tu kufika Super Bowl. Hadi msimu wa 2024 ulipoisha, alikuwa hajacheza fainali hiyo. Wanaomkosoa wana hoja, na hoja hiyo haifutwi kwa takwimu.

Ila angalia alivyokua. Mwaka 2023, bila wakala, akisaidiwa na mama yake, alisaini mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 260. Msimu huo huo akachukua tuzo ya mchezaji bora mara ya pili. Msimu wa 2024 akarusha yadi 4,172 na tachidauni 41, pasi zilizonaswa na wapinzani zikiwa 4 tu, na bado akakimbia yadi 915. Hakuna aliyewahi kupita yadi 4,000 za pasi na 900 za kukimbia katika msimu mmoja. Miguu ipo pale pale. Kilichoonekana sasa ni kile kichwa ambacho kilikuwepo siku zote.

Mshkaji wangu aliniuliza mwishoni, "Sasa wewe hii inakuhusu nini, mbona umeishika hivyo?" Nikamjibu juu juu. Ukweli nilioficha ni huu.

Mwaka jana tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, kulikuwa na binti wa kidato cha pili katika darasa langu. Alikuwa anasoma mashairi kwa sauti mpaka darasa linanyamaza. Siku moja akanifuata: "Mwalimu, natakiwa kuchagua mkondo. Nataka sayansi, nichukue fizikia." Nikatabasamu. Nikamwambia, "Wewe una kipaji cha lugha, usikipoteze. Wewe ni mtu wa sanaa." Sikuwahi kufungua daftari lake la fizikia. Wala la hesabu. Ilikuwa wiki yangu ya tatu pale shuleni. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaondoka, na mimi nikajiona nimemjenga.

Wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutarudi tena madarasani, tukiwa na kalamu nyekundu na maneno mazuri mdomoni. Mtoto akikwambia anataka kurusha, muone kwanza akirusha. Mimi binti yule nilimsifia mashairi yake, na daftari lake la fizikia sikulifungua hadi naondoka.