Msitu wa Mlimani Wabanwa Juu na Chini

Bwana Mkulima, ukisimama shambani kwako upande wa Naro Moru asubuhi, kabla mawingu hayajafunika, utauona Mlima Kenya umevaa mikanda. Chini, karibu na nyua zetu, ni mitarakwa na podo. Kuanzia mita 2,400 hivi ni mianzi. Penye mita 3,000 ni mimondo, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia. Juu yake ni vichaka vya erika, kisha nyasi za baridi mpaka kwenye mawe.

Kila mti umekaa mahali pake kwa ajili ya baridi na mvua. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Basi hesabu mwenyewe (nilikuwa mwalimu, sijaacha kutoa hesabu): joto likizidi kwa digrii 1, ni kama kila mti umeteremshwa mita 160 bila kung'olewa.

Mtu atasema, si neno, miti itahamia juu. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mti huhama kwa mbegu, na mtarakwa hukua polepole sana. Tena mlima ni kama paa la msonge: ukizidi kupanda, nafasi huzidi kupungua.

Na huko juu kuna moto. Kule Kilimanjaro wataalamu walilinganisha hali ya msitu tangu mwaka 1976. Badala ya kupanda, ukingo wa juu wa msitu umeshuka mamia ya mita, kwa maana kiangazi kikali hukausha erika, nayo ikishika moto huwaka kama karatasi. Mlima Kenya uliungua siku nyingi mwezi wa Machi 2012. Oktoba 2020 Kilimanjaro ukaungua tena.

Wengi husema mto wetu hutoka kwenye barafu. Barafu ile sasa ni vipande vidogo tu. Msitu ndio unaoshika maji: ukungu ukipita, majani ya erika na ndevu za mimondo huunasa, ukadondoka tone kwa tone na kuingia ardhini. Mkanda ule ukiungua, ukungu hupita bure, nawe mwenye zamu ya mfereji mwezi wa Februari utafungua usione kitu.

Huku chini nako, mwaka wa ukame sote hukimbiza ng'ombe msituni, nao hula na kukanyaga miche ya mitarakwa. Silaumu mtu, mwaka 2022 wangu wawili walikuwamo.

Mwenye mizinga azime kienge chake kwa maji kabla ya kuondoka. Kukikanyaga tu hakutoshi. Na ukiona moshi juu ya mianzi, usingoje baraza la Chifu. Mpelekee askari wa msitu habari saa ile ile, umtajie ni bonde gani, kwa kuwa upepo wa mchana huupandisha moto upesi.