Umeme umerudi, tovuti haijarudi: Usikubali seva ifutwe kabla ya kuulizwa

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa viatu mwenye duka Arusha na wateja Nairobi. Bei zake na maagizo ya wateja viko kwenye tovuti inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Linux iliyowekwa chini ya kaunta. Usiku umeme unakatika. Asubuhi umerudi, kompyuta imewaka, lakini tovuti haifunguki. Mzigo unatakiwa kuvuka Namanga mchana, na orodha ya nani kaagiza nini imo humo humo.

Fundi anakuja, anazima na kuwasha mara tatu, kisha anatoa hukumu: “Hii tuifute, tuanze upya.”

Hapo ndipo hasara inapoingia. Seva kugoma kuwaka si sawa na maagizo kupotea. Mara nyingi maagizo bado yapo salama kwenye diski. Kilichogoma ni programu inayowapokea wageni wa tovuti, kama vile Nginx au Apache. Tena Linux huwa imeandika sababu. Kinachotakiwa ni kuiuliza.

Ikiwa unatumia Nginx, swali la kwanza ni amri hii: systemctl status nginx. Jibu likiwa “inactive”, programu haikuwashwa kabisa. Yawezekana siku ya kwanza iliwashwa kwa mkono, na hakuna aliyeiagiza iwake yenyewe kompyuta inapoanza. Dawa yake ni sudo systemctl enable --now nginx, na mchezo umekwisha.

Jibu likiwa “failed”, ilijaribu ikashindwa. Uliza sababu kwa sudo journalctl -u nginx, usome mistari ya mwisho. Makosa matatu hujirudia sana.

La kwanza ni “Address already in use”. Tovuti hupokea wageni kupitia mlango namba 80, na ile yenye ulinzi hutumia 443. Kama meza ya sokoni, aliyewahi ndiye mwenye nafasi. Huenda Apache iliingia pamoja na programu nyingine, na kompyuta ilipoanza upya ikawahi mlango kabla ya Nginx. Amri sudo ss -ltnp itakuonyesha nani ameukalia.

La pili ni kosa katika faili ya mipangilio. Amri sudo nginx -t hutaja faili na mstari wenye kasoro. Nukta-mkato moja iliyosahaulika yatosha kuzuia kila kitu. Utauliza: mbona mabadiliko yalifanywa mwezi uliopita na tovuti ikaendelea? Kwa sababu Nginx iliyokwisha kuwaka huendelea na mipangilio iliyoisoma mwanzo. Kosa lilikuwa limelala. Umeme uliliamsha tu.

La tatu ni diski kujaa. Amri df -h ikionyesha asilimia 100, programu hazina pa kuandika, na hata hifadhidata ya maagizo huweza kugoma. Ondoa kumbukumbu za zamani za seva, lakini hifadhidata usiiguse.

Wengi wetu tuko upande mmoja wa mpaka na fundi tunayemwamini yuko upande wa pili. Kumwandikia “tovuti imekufa” hakumsaidii. Mtumie mistari ile kama ilivyoandikwa, bila kupunguza neno. Akiwa Kampala au Kigali, ataweza kukuelekeza kwa simu.

Na fundi aliye mbele yako akitaka kufuta, muulize mawili: seva imesema nini, na nakala ya maagizo iko wapi? Asiyeweza kujibu, asiguse kitu. Kwanza maagizo yanakiliwa kwenye diski ya nje, ndipo kazi ianze. Programu ya tovuti hupakuliwa upya bila malipo. Daftari la wateja wako halipakuliwi popote.