Mchezo wa kompyuta wafundisha kinga ya mwili

Mwaka 2008, Shirikisho la Wanasayansi wa Marekani lilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Immune Attack kwa ajili ya wanafunzi. Mchezaji huendesha chombo kidogo mno ndani ya mishipa ya mgonjwa ambaye chembechembe zake nyeupe za damu zimeshindwa kazi.

Hapo ndipo penye somo, nalo si dogo: chembechembe hizo haziendi zipendako. Damu huzisomba kwa kasi, hivyo hazina budi kunaswa na protini ziitwazo selektini kwenye ukuta wa mshipa, zibiringike polepole, kisha zipenye kuwafuata bakteria. Zisiponaswa, hupita tu. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya namna hiyo. Maambukizi huwarudia mara kwa mara, na vidonda vyao havitungi usaha.