Lango la Kigo

Ukiiacha Kampala kwa barabara ya zamani ya Entebbe, ukafika Lweza na kukata kushoto kuelekea ziwani, utaingia Kigo. Wengi wetu tulio katika sare twalijua jina hilo kwa sababu ya gereza. Siku hizi Kigo ina sifa ya pili, nayo ni uwanja wa gofu wa Lake Victoria Serena, wenye mashimo 18, na jirani yake makazi ya fahari yaliyozungushiwa ukuta. Mojawapo huitwa Mirembe Villas, na mirembe kwa Kiganda ni amani. Basi katika eneo moja zipo kuta za namna mbili: mmoja humzuia mtu asitoke, mwingine humzuia mtu asiingie.

Gofu si mgeni nchini. Klabu ya Gofu ya Uganda iliundwa mwaka 1908, na uwanja wake ungali katika bonde la Kitante, ambako mpita njia yeyote huweza kuwatazama wachezaji kutoka barabarani. Jambo jipya ni mtu kununua nyumba pamoja na mandhari ya mchezo, kisha akafunga lango.

Hivi karibuni tulialikwa chakula cha mchana na afande mmoja mstaafu anayeishi katika makazi ya aina hiyo, upande huo wa ziwa. Langoni tulikuta kizuizi cha chuma, daftari la wageni, na kioo cha kukagulia chini ya gari. Mlinzi, mzee mwenye mvi, alisimama mguu sawa kama mtu aliyepita kwenye gwaride nyingi. Alitupigia saluti, kisha akatupa kalamu. Sare zetu hazikutuokoa na daftari, nasi twampongeza kwa hilo.

Ndani, barabara haina shimo hata moja. Mashimo yako uwanjani, kila moja lina upana wa milimita 108, nayo hutunzwa kuliko mtoto! Hakuna bodaboda wala kuku. Umeme ukikatika, jenereta hunguruma mara moja. Kanuni ni nyingi kama za kambini: rangi ya ukuta, saa ya muziki, mahali pa kuanika nguo. Mwenyeji wetu alituonyesha ndoo iliyojaa mipira aliyookota bustanini. Mpira wa gofu haufiki gramu 46, lakini umekwisha kumvunjia vioo viwili.

Tulimwuliza kuhusu ziwa, kwa maana mwezi Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya mwaka 1964, na majumba mengi ya ufukweni yakaingiliwa. Alijibu kwamba yeye alichagua nyumba iliyo mlimani. Kanuni za mwaka 2000 zaitaka hifadhi ya mita 200 kutoka ufukwe wa ziwa hili, na afande husoma kanuni kabla ya kutia sahihi.

Baada ya chakula sauti yake ilishuka.

"Kijana wangu, hapa nimeishi miaka miwili. Jirani wa kushoto simjui jina."

Usiku mmoja mkewe alianguka bafuni. Taa zilikuwa zikiwaka, ukuta ulikuwa imara, lakini hakujua abishe mlango wa nani. Alipiga simu langoni. Yule mzee alikuja mbio, wakambeba mama hadi kwenye gari, naye akapona. Asubuhi mzee aliandikiwa onyo kwa kuacha lindo.

Sisi tuliofunzwa katika shule ya kadeti tulinyamaza. Kuacha lindo ni kosa, na hakuna kati yetu asiyelijua. Mwenyeji alikuwa ameandika barua kumtetea mzee. Majibu yalikuwa hayajafika.

Jioni, wakati wa kutoka, tulisimamisha gari tukamwuliza mzee mwenyewe.

"Afande, lindo sikuliacha," alisema. "Tulikuwa wawili. Bunduki na funguo nilimkabidhi mwenzangu, nikaandika saa katika daftari. Aliyeandika onyo hakulifungua daftari."

Alitufungulia ukurasa wa usiku ule. Saa nane na dakika kumi ametoka, saa nane na dakika thelathini na tano amerudi, na sahihi mbili chini yake. Kisha akageuza hadi ukurasa wa siku hiyo, akatupa kalamu tuandike saa yetu ya kutoka.