Matunda laini kwa wasioweza kutafuna

Ndugu wanakikundi, huku Satellite na Kawangware matunda hayakosi sokoni. Lakini shosho asiye na meno, au mgonjwa mwenye vidonda mdomoni, huyaangalia tu. Akiachiwa chai na mkate kila siku, hukonda na kukosa choo. Tumsaidie hivi:

1. Nawa mikono. Osha mapeasi 4 yaliyoiva, menya, toa mbegu, katakata vipande vidogo.
2. Tia kwenye sufuria na maji nusu kikombe. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, mpaka uma uingie bila kusukuma.
3. Epua, ponda kwa mwiko pamoja na maji yake. Usiyamwage, yana vitamini. Nyuzi zikibaki, pitisha kwenye chujio.
4. Ongeza ndizi mbivu 1 iliyopondwa. Mwenye kisukari asitiliwe sukari.

Papai lililoiva halihitaji zaidi ya dakika 5. Lipondeponde na avakado kidogo. Mafuta yake husaidia mwili kupata vitamini A. Mwenye vidonda asipewe ndimu wala nanasi, yatamchoma. Chakula kiwe vuguvugu.

Mketishe wima, mlishe polepole, na asilale mara moja. Akipaliwa kila akimeza, mpeleke kliniki. Kilicholala bila friji usimpe.

Matunda pekee hayatoshi: mpe pia maharagwe yaliyopondwa, yai au maziwa. Je, kikundi chenu kimepanga zamu ya kumtembelea shosho wa jirani? Anzeni wiki hii.