Taka Ipi ni ya Hatari?

Kila asubuhi mama wa Butimba hufagia uwanja wake. Hukusanya maganda ya ndizi, mifupa ya sato, majivu ya jiko na karatasi, akavitia vyote katika mfuko mmoja na kungoja gari la taka. Mara nyingi ndani ya mfuko huo kuna mambo mengine pia: betri za tochi zilizokwisha, kopo la dawa ya mende, sindano ya mgonjwa wa kisukari, taa ndefu iliyoungua, au masalia ya kostiki ya kutengenezea sabuni. Vyote tunaviita kwa jina moja, taka. Lakini mbele ya sheria, na mbele ya afya ya watoto wetu, vitu hivyo si kitu kimoja.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi huulizwa na akina mama wenzetu vikundini: "Nitajuaje kuwa taka hii ni ya hatari? Mbona haina hata harufu?" Swali hilo ni la haki. Wataalamu wa serikali nao hujiuliza hivyo hivyo kila wanapokagua kiwanda, karakana au hospitali. Hebu tuangalie jinsi wanavyoamua, kwa maana maswali yao ni machache na hata jikoni yanaulizika.

Macho na pua havitoshi

Embe lililooza linanuka na kuvuta nzi, lakini likifukiwa shambani huwa mbolea. Madini ya risasi yaliyo ndani ya betri ya gari hayanuki. Zebaki hung'aa kama fedha, na mtoto akiiona huipenda na kuichezea. Kwa hiyo tukihukumu taka kwa harufu tu, tutaogopa kisichodhuru na kukumbatia kinachodhuru.

Mataifa yalijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1988 ilibainika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa katika bandari ndogo ya Koko, nchini Nigeria. Mwaka uliofuata, 1989, Mkataba wa Basel ulipitishwa huko Uswisi ili kudhibiti usafirishaji wa taka za namna hiyo. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za taka hatarishi za mwaka 2009, ambazo tangu wakati huo nafasi yake imechukuliwa na kanuni mpya.

Maswali matatu ya mkaguzi

Swali la kwanza: Taka hii imetoka wapi, na ndani yake mna nini? Mkataba wa Basel una orodha ya mafungu 45 ya taka za kudhibitiwa. Fungu la kwanza kabisa ni taka zitokanazo na matibabu. Humo zimo pia taka zenye zebaki, risasi, tindikali, na mabaki ya sumu za kuulia wadudu. Kama taka imo katika orodha, hushukiwa kuwa ya hatari mpaka ithibitike kwamba haina tabia za hatari.

Swali la pili: Ina tabia gani? Hapa mkaguzi hutazama kama taka inashika moto upesi, inaunguza ngozi na kula chuma, inalipuka au kutoa hewa ya sumu ikichanganywa na kitu kingine, ina sumu, au inaambukiza magonjwa. Tabia hizo hupimwa maabara. Nchini Marekani, kwa mfano, taka ya maji huhesabiwa kuwa ya kuunguza ikiwa kipimo chake cha pH ni 2 au chini ya hapo, au 12.5 na kuendelea. Akina mama wa vikundi vya sabuni na waelewe: maji makali ya kostiki huweza kuvuka kipimo hicho cha juu. Na wale wanaochanganya dawa ya klorini ya kufulia na tindikali ya kusafishia choo wanatengeneza hewa ya sumu chooni mwao, ingawa kila chupa peke yake imenunuliwa dukani kihalali.

Swali la tatu: Itatoa nini baadaye? Kitu kinaweza kukaa kimya leo, lakini mvua ikakinyeshea mwaka mzima. Wamarekani wana kipimo kinachofafanua jambo hili vizuri. Huchukua sampuli ya taka, huiweka katika maji yaliyotiwa asidi ya aina ileile iliyo ndani ya siki, kisha huizungusha kwa muda wa saa 18 hivi. Maji hayo ni mfano wa maji yachuruzikayo chini ya jalala. Yakikutwa na miligramu 5 za risasi au zaidi kwa lita moja, taka hiyo ni ya hatari. Kwa zebaki kiwango ni miligramu 0.2 tu. Hivyo mpimaji anatafuta kile kitakachotoka ndani ya taka na kufika kwenye maji ya watu.

Sisi wa Mwanza tunalijua neno hilo "maji ya watu". Mji wetu ni wa vilima na mawe, na mvua ikinyesha kila kitu huteremka ziwani. Na hapa hapa Butimba kimejengwa chanzo cha maji chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kinachomwagwa mtaroni hakijaenda mbali.

Mama mmoja wa Mombasa

Mtu anaweza kusema, mambo haya ni ya wakubwa. Tutazame kisa cha majirani zetu wa Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa kama mwenye magonjwa ya kawaida ya homa, asipate nafuu. Hatimaye damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi na kuwatetea wakazi wa mtaa, ambao damu zao nazo zilikutwa na sumu hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi Desemba 2024.

Tujifunze nini? Kwanza, betri chakavu huuzwa kwa fedha, na kwa sababu hiyo watu hawaioni kuwa ni taka. Sheria haitazami hivyo: kitu kilichotupwa ni taka hata kama kina mnunuzi. Pili, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza, na kwa mama mjamzito sumu hiyo humfikia mtoto tumboni. Mtoto huchelewa kujifunza, hupungukiwa damu, huumwa tumbo, na mzazi hadhani kabisa kwamba chanzo ni udongo wa mahali anapochezea.

Mahali mkaguzi asipofika

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Mkataba wa Basel haukuweka taka za majumbani katika orodha ya taka za hatari. Uliziweka pembeni, katika fungu la taka zinazohitaji uangalifu wa pekee. Marekani nayo huziacha nje ya sheria yake ya taka za hatari. Sababu inaeleweka: hakuna serikali iwezayo kukagua kila ndoo ya jikoni. Lakini zebaki haijui kama imetoka kiwandani au sebuleni. Pale mkaguzi asipofika, mwenye nyumba ndiye mkaguzi.

Hospitalini tumezoea utaratibu huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya taka zote za hospitali, asilimia 85 hivi ni za kawaida na 15 ni za hatari. Anayeamua ni yule aliyeshika taka, hapo hapo alipoitumia: sindano ndani ya boksi lake, bandeji yenye damu katika ndoo yake, karatasi katika ndoo nyingine. Bandeji moja yenye damu ikiingia katika ndoo ya karatasi, ndoo nzima huhesabiwa kuwa ya kuambukiza. Ndivyo ilivyo na mfuko wako wa nyumbani.

Tufanye nini?

Madumu na mapipa. Kabla ya kununua dumu la kuwekea maji, uliza swali la kwanza la mkaguzi: lilikuwa na nini? Kama lilibeba sumu ya shamba au kemikali ya kiwanda, usilinunue, hata kama limeoshwa likang'aa. Plastiki hufyonza sumu na kuitoa pole pole.

Sindano. Zitie katika chupa ngumu yenye kifuniko, na ikijaa uipeleke kituo cha afya. Anayezoa taka ni mtoto wa mtu.

Kostiki. Iliyobaki ifunge vizuri, iandike jina, iweke juu mbali na watoto, uitumie safari ijayo. Kamwe usiitie katika chupa ya soda.

Kipimajoto cha zebaki na taa ndefu. Kikipasuka, watoe watoto nje, fungua madirisha, kusanya kwa karatasi ngumu, weka katika chombo chenye kifuniko. Usifagie kwa ufagio wala usichome.

Betri. Usizichome, usiwape watoto kuchezea. Kama fundi anapasua betri za gari karibu na nyumba au shule, ongeeni naye kwa upole, kisha mwoneni afisa afya wa kata au afisa mazingira wa halmashauri. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na udongo unapimika.

Tunashauri kila kikundi cha akina mama kitenge siku moja, kila mmoja aje na orodha ya vitu anavyotupa kwa juma moja. Viulizeni kimoja kimoja maswali yale matatu: kimetoka wapi na kina nini, kina tabia gani, kitatoa nini mvua ikinyesha? Vitakavyoshindwa visiingie tena katika mfuko wa maganda ya ndizi.